Petroli ya Msabah

Mkokotoni, 3 Februari 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Huku sote wazima. Masikio yako je? Simu huisikii, ndiyo maana nakuandikia.

Pikipiki yako kuukuu uliyoniachia inanitesa. Nnapakia tenga la pweza alfajiri, naondoka vizuri, nikifika Mahonda inaanza kukatakata moto: inavuta, inajikwaa, inazima. Sokoni nafika wanunuzi wameshaondoka. Juzi nilirudi na pweza wote, wameoza. Plagi nimebadilisha, kabureta nimesafisha. Imebaki petroli. Msabah muuza petroli anatia maji kwenye chupa zake, sina shaka. Nchi hii imeharibiwa na watu wa namna yake, wanaotuibia kidogo kidogo huku wanatuchekea. Ijumaa baada ya sala nitasema mbele ya watu.

Mwanao,
Shaame

Ng'ambo, 8 Februari

Mwanangu Shaame,

Marahaba. Mimi mzima, ila masikio ndiyo basi tena. Miaka arubaini ya injini imeyala.

Usiseme kitu. Wewe tokea skuli unahukumu kwanza, ushahidi unautafuta baadaye. Itie petroli ya Msabah kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache itulie. Kama ina maji, yatashuka chini utayaona. Na unijibu: inakatakata ukienda tu, au hata ukirudi? Ikiwa na mzigo, au hata tupu?

Baba yako

Mkokotoni, 12 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai umeamka salama.

Barua yako imenifika Jumamosi. Nilishasema. Nilisema vizuri, baba. Hata waliokwisha kuvaa viatu walisimama kunisikiliza. Jioni wakenda wakazivunja chupa zake zote. Mimi sikushika hata jiwe. Yeye alikaa kibarazani anaangalia tu, mkewe Mize analia ndani.

Ulilouliza: inakatakata nikienda tu, na tenga. Nikirudi tupu inakimbia kama mpya. Hiyo ya kioo sikuijaribu. Sasa petroli yake nitaipata wapi?

Mwanao,
Shaame

Ng'ambo, 15 Februari

Shaame,

Marahaba. Afya yangu usiiulize leo.

Petroli inayokupeleka mjini ndiyo hiyo hiyo inayokurudisha. Maji gani hayo yanayoharibu safari moja na kuiacha ya pili? Vua kiti, utazame chini ya tenga. Maji ya chumvi ya pweza wako yanachuruzikia kwenye maungio ya waya wa koili, inayopeleka moto kwenye plagi. Yakilowa, moto unapotea, yakikauka, unarudi. Utakuta waya zimeota kutu ya kijani. Zikwangue, zifunge upya, utandike nailoni chini ya tenga. Kazi ya robo saa.

Ya Msabah si ya robo saa. Kasimame pale pale uliposimama. Usiniandikie mpaka uwe umeshasema.

Baba yako

Mkokotoni, 3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuombea afya. Mimi mwili mzima.

Waya zilikuwa za kijani kama ulivyosema. Pikipiki haijajikwaa tena.

Ijumaa mbili niliogopa. Juzi nikasimama. Nikasema nilimsingizia Msabah, maji yalikuwa ya tenga langu. Sikufika hata nusu. Ubwa kinyozi akaangua kicheko: "Kakupa ngapi, Shaame?" Mwengine akadakia: "Kumbe na wewe ushanunuliwa!" Nikapandisha sauti, nikawaeleza koili, waya, chumvi, wakazidi kucheka. Uongo wangu waliupokea siku ile ile bila ya kuuliza. Ukweli wanaudai risiti.

Jana nikenda kwa Msabah. Nikamwambia nitasema tena Ijumaa ijayo, na inayofuata, mpaka waelewe. Akanijibu kwa upole, kanipa na kiti: "La, ndugu yangu. Uliposema mara ya kwanza walivunja chupa. Jana uliponitetea, wamesema tumegawana, na leo hata jirani kapita hakuniamkia. Nyamaza, Shaame. Nakuomba."

Nimemwahidi.

Sokoni siku hizi nnafika wa kwanza.

Mwanao,
Shaame