Kibali cha Farasi

Ocosingo, Chiapas

Kaka Eleuterio,

Hujambo huko kaskazini? Huku mahindi yameota, na yule kuku mweusi anaatamia tena.

Farasi wako bila shaka ameshafika. Tangu waingie inzi wa funza, wale wanaotaga kwenye vidonda na funza wao kula nyama hai, farasi mwenye kidonda hapewi kibali cha safari. Daktari wa mifugo alimkagua kuanzia kwato hadi masikio, Baba akiwa ameshika kamba.

"Msafi kuliko bibi harusi!" daktari akasema.

"Nimemwogesha mwenyewe," Baba akajigamba.

Lori lilipoondoka, Baba akaketi chini, akavua buti. Kidonda chake cha kisukari kilijaa funza.

"Baba, mbona ulinificha?"

"Wangejua funza wamefika hapa nyumbani, wangemzuia farasi. Mwanangu anamsubiri."

Tulimzika Baba Jumatatu.

Daktari alikagua miguu minne ya farasi. Miwili ya Baba hakuna aliyeitazama, hata mimi niliyekuwa nikimfulia soksi.

Dada yako,
Obdulia