Sasa Wanaigiza Kifo Chako

Yaya Ngosa, dada yangu mkubwa,

Jumapili tuliigiza tena, na sina mwingine wa kumwambia yaliyotokea.

Unajua jinsi wanavyokuja watu uwanjani, njia ya Mutoshi, kuangalia namna bankambo, wazee wetu wa kale, walivyoyeyusha shaba kabla ya mashine kufika. Tanuru ni lilelile la udongo wa kichuguu, na mavazi ni yaleyale ya magome. Sisi wanawake bado tunabeba mawe ya kijani kichwani, tunapiga vigelegele, kisha moto ukiwashwa tunafukuzwa nyuma ya kamba.

Wewe pekee uliuliza kwa nini. Tata Kalenga, mkubwa wa kikundi, alikujibu mbele ya wote: "Bankambo habakukubali mwanamuke ku moto." Nawe ukamwangalia miguuni, suruali ikionekana chini ya magome: "Na bankambo balikuwa banavala jeans, Tata?" Hata wapiga ngoma walicheka. Yeye hakucheka.

Halafu ikaja siku ile mpiga mivukuto alipotuacha, amekwenda kuchimba madini. Watu wamejaa, moto unafifia. Ukavuka kamba bila kuomba ruhusa, ukakaa, ukaanza kupuliza. Nilidhani watakutoa kwa nguvu. Lakini moto ulinguruma, na shaba ikatoka, ikateleza mchangani taratibu kama uji mzito. Ulicheka mpaka ukashindwa kusimama. Ukanionyesha malengelenge ya viganjani kama mtu anayeonyesha pete. Ukaniambia, "Kesho ni weye."

Kesho yangu haikufika, Yaya. Mvua zilianza. Jirani yako pale Kasulo alikuwa anachimba chini ya sebule yake, na mtaa mzima ulijua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema unasikia sururu chini ya sufuria zako. Ardhi ikafunguka, ukuta wako ukaingia ndani, nawe ukiwa jikoni.

Kwenye matanga nilitegemea watamsema jirani. Nilisikia mama mmoja ananong'ona: "Alishika mivukuto." Mpaka tunakuzika, kila mtu alikuwa anasema hicho ndicho kilichokuua. Jirani alikaa kwenye kiti cha mbele, analia na sisi, na nafikiri alilia kwa kufarijika. Nilimwomba Tata Kalenga awaambie watu ukweli. Akasema, "Mi sijui, mama. Bankambo beko na siri yabo."

Sasa sikia. Wameongeza sehemu mpya katika mchezo. Mwanamke anavuka kamba, anagusa mivukuto, anapiga kelele, anaanguka. Wanaume wanambeba, wanautakasa moto, ndipo shaba inatoka. Walinipa mimi niwe mwanamke huyo. Nilikataa, nikatupa kikapu chini, nikarudi nyumbani nikidhani nimewazuia.

Wakampa Sifa.

Ndiyo, Sifa, binti yako. Amekuwa mrefu, ana shingo yako. Anaanguka vizuri sana, Yaya. Anajua kuilegeza mikono wakati wanambeba. Watu wanapiga makofi kuliko walivyopiga siku ile yako, na yeye akiwa amelala mavumbini anajizuia asitabasamu.

Jumapili mimi, mama yake mdogo, nilimsubiri, nikampangusa vumbi usoni, nikamweleza yote: sururu, shimo, ukuta. Nilimwambia mikono ya mama yake iliitoa shaba na bankambo hawakukasirika. Alinisikiliza kwa heshima, kama ulivyomfundisha. Kisha akasema polepole, "Najua, Tantine. Lakini ile ya moto ndiyo batu banapenda."

Nikaendelea kumpangusa. Ni kweli. Shimo haliigizwi. Hakuna anayekuja uwanjani kuangalia ukuta ukianguka, huo wanao nyumbani kwao.

Dada yangu, lala. Nakuahidi jambo moja tu, maana mengine siyawezi: kila atakapomaliza kuanguka, nitakuwa pale nyuma ya kamba kumpangusa, na nitamwambia tena ulikufa kwa nini. Hata atakapokuwa hanisikilizi tena.

Mdogo wako,
Mwamba wa Mutoshi