Maikrofoni Yenye Mstari

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nzima nimechora ufagio. Simiyu anataka ufagio uwe kitufe cha kufuta matangazo ya zamani kwenye programu yetu ya kompyuta ya kuendeshea vituo vya redio. Nilimwambia mtu ataona ufagio adhani ni kupanga vizuri tu, abonyeze, matangazo yapotee. Yeye ndiye mwenye ofisi. Nikachora.

Mchana nikashika kitufe cha maikrofoni. Hiki ndicho mtangazaji atakuwa anakitazama siku nzima. Nimeweka picha, na chini yake maneno. Maikrofoni ikiwa wazi: UKO HEWANI, kwa rangi nyekundu. Ikifungwa: IMEFUNGWA, kwa kijivu. Hata aliyeamka vibaya hawezi kukosea.

Nimeipenda kazi yangu leo. Si kawaida.

Alhamisi, 6 Machi

Simiyu ameondoa maneno. Yote.

Alisimama nyuma ya kiti changu, ofisi nzima ikisikia, akasema skrini yangu inafanana na tangazo la mazishi. "Watu wa siku hizi hawasomi, Shiku. Wanaangalia picha." Halafu akasema kama napenda sana kuandika, niende nikatunge vitabu vya nyimbo za kanisa. Wakacheka. Halima wa mapokezi pia alicheka, kisha akanifuata nje kuniomba msamaha. Halima simchukii.

Imebaki picha peke yake. Maikrofoni ikiwa wazi, kitufe kinaonyesha maikrofoni iliyokatwa kwa mstari. Nilimuuliza: huo mstari unasema imefungwa, ama unasema bonyeza ndio ufunge? Akasema bonyeza ndio ufunge, kila mtu anajua.

Kila mtu nani? Sikuuliza. Nilikuwa nazuia machozi, na sikutaka ayaone.

Jumanne, 11 Machi

Bungoma. Nimeweka programu kwenye kompyuta za studio ya kituo cha redio na kuwafundisha watangazaji.

Nimekutana na Nanjala wa kipindi cha asubuhi. Sauti yake naijua kutoka jikoni kwetu Kitale, mama hawezi kupika chai bila yeye. Nilidhani ni mtu mkubwa wa mwili. Ni mwembamba, anavaa miwani, anacheka haraka. Alinitengea kiti kabla ya mtu mwingine yeyote kunisalimia.

Akaigusa skrini kwa kidole. "Sasa hii yenye mstari, nimefungwa ama niko?"

"Uko. Mstari ni wa kukuambia bonyeza ufunge."

"Ah! Basi ni kinyume."

Ndiyo, ni kinyume. Nikachukua kikaratasi, nikaandika MSTARI = UNASIKIKA, nikakibandika pembeni mwa skrini. Meneja wa kituo akakibandua mbele yetu sote. Ati wadhamini wanakuja kuona studio mpya, haiwezi kuwa na makaratasi kama duka la mitumba. Akakikunja, akakitia mfukoni.

Nanjala aliniambia nisijali, atazoea.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikuwa jikoni na mama, redio imewashwa. Nanjala aliweka wimbo. Kisha chini ya wimbo tukasikia sauti yake na ya mwanamke mwingine, wanaongea tu. Nilijua papo hapo. Alikuwa ameangalia ile picha, ameona mstari, akadhani maikrofoni imefungwa.

Mwenzake alimuuliza kwa nini amevimba macho. Nanjala akasema mama mkwe alikuja tena jana, amemwita mti mkavu usiozaa mbele ya majirani. Halafu akamtaja mumewe, polepole, kama mtu anayetua mzigo: "Na si mimi. Ni Wafula. Tulipimwa sote. Nilimwambia wacha nibebe lawama mimi, yeye ni mwalimu, watoto watamcheka."

Mama akaacha kukoroga chai.

Nilipiga simu kituoni. Hakuna aliyeshika. Nikapiga tena, na tena. Nikawa naipigia redio kelele, "Funga! Funga!" kama mwendawazimu. Wimbo ukaisha. Nanjala akarudi na ile sauti yake ya furaha, akatuambia hali ya hewa ya Bungoma.

Hakujua bado. Hiyo ndiyo sehemu nisiyoweza kuistahimili.

Jumanne, 18 Machi

Rekodi iko kila mahali. Halima ameipata kutoka kwa shangazi yake, kwenye kundi la msikiti. Mama ameipata kwenye kundi la kanisa. Mtu ameiwekea muziki.

Nanjala amefutwa kazi. Mama mkwe ametupa nguo zake barabarani, watu wakipiga picha. Na Wafula, yule mwalimu aliyekuwa analindwa, alikwenda shuleni Kamukuywa akakuta wanafunzi wameandika neno ubaoni. Silirudii hapa. Alifuta ubao, akafundisha somo hadi mwisho, akatoka. Hajarudi. Wanasema yuko kwa ndugu yake huko Moi's Bridge, hapokei simu ya mkewe.

Simiyu aliisikiliza rekodi mara mbili, akicheka hadi akakohoa. Nikamwambia ni kitufe chetu. Akapangusa macho.

"Si ulimfundisha? Sasa kosa ni letu aje? Huyo mama ni mjinga, bana."

Nilitaka afe. Naandika hivyo hivyo.

Ijumaa, 21 Machi

Leo Simiyu ameniambia nirudishe maneno. UKO HEWANI, nyekundu. Na IMEFUNGWA. Hakusema nilikuwa sawa. Alisema yeye amefikiria sana juma hili na ameona watu wa hapa kwetu wanahitaji maelezo.

Nimerudisha. Kazi ndogo sana. Hata chai yangu haikuwa imepoa.

Nikauondoa ufagio pia, nikaandika FUTA TANGAZO. Hakuna aliyenikataza.

Ijumaa, 28 Machi

Simiyu aliwaita watu wa redio ndogo ndogo kwenye hoteli moja hapa mjini kuonyesha programu mpya. Mimi nilikaa mbele ya laptopu kumbonyezea.

Baada ya maombi akasema ataanza na hadithi. Akanionyesha faili nifungue. Sikujua ni nini. Nilibonyeza mimi mwenyewe.

Sauti ya Nanjala ikajaa ukumbi.

Wengi walikuwa wameshaisikia. Walianza kucheka kabla hajafika kwenye jina la Wafula. Mwanamume mmoja mbele alikuwa anayataja maneno pamoja naye. Simiyu akangoja kicheko kiishe, akasema: "Huyu mama aliharibiwa maisha na programu mbovu ya watu wengine. Yetu hii haiwezi kukufanyia hivyo." Akaonyesha maneno mekundu kwenye ukuta. Wakapiga makofi.

Ya watu wengine.

Nilisimama. Nikasema ilikuwa programu yetu. Maneno yalikuwepo tangu mwanzo, yakaondolewa ili skrini ipendeze. Mimi ndiye niliyeipeleka Bungoma, na huyo mnayemcheka aliniambia siku ile ile kwamba picha iko kinyume.

Nilidhani kuna mtu angesema kitu. Kisha mzee mmoja nyuma akauliza kama chakula cha mchana bado kipo.

Simiyu alinifuta kazi kwenye korido, kwa kunong'ona, huku akitabasamu kwa wageni waliokuwa wanapita.

Halima ameniletea vitu vyangu nyumbani. Amesema wateja wametia sahihi mkataba. Karibu wote.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda Cheptais. Nanjala anakaa kwa dada yake, wanauza vitunguu sokoni. Nilitaka asikie habari za hoteli kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine.

Aliniona kutoka mbali. Hakusimama. Amekata nywele. Nilimsalimia, "Habari yako, dada," akaendelea kutenganisha vitunguu vilivyooza.

Nikamwambia yote. Alisikiliza akiwa ameinama. Mteja akaja na mwenzake, Nanjala akajisahau akataja bei; mteja aliposikia sauti yake akamkodolea macho, akamgusa mwenzake kiwiko. Nanjala akampimia vitunguu bila kufungua mdomo tena. Ndipo nikaelewa kwamba siku hizi sokoni haongei. Dada yake ndiye anayeita wateja.

Mteja alipoondoka akaniuliza, "Sasa kitufe kimeandikwaje?"

"Uko hewani."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akatikisa kichwa. "Maneno mawili. Yangewapunguzia nini?"

Nikasema nisamehe. Akasema, "Hapana, sijafika huko. Wafula alikuja hapa Jumatano. Alisimama pale kwenye kona, akaniangalia, akarudi zake. Si hasira. Ningeona hasira ningemkimbilia. Alikuwa ananionea haya, Shiku. Mimi mkewe."

Nilitaka kuondoka. Dada yake akanisogezea gunia, akasema kama nitakaa basi nifanye kazi. Nikatenganisha vitunguu hadi soko lilipoanza kufungwa. Nanjala aliniandikia namba yake mpya mkononi kwa kalamu, labda ili nisije tena bila kuuliza.

Jumapili, 13 Aprili

Sikwenda kanisani. Mama amekwenda peke yake, hakunilazimisha.

Nimepanda mahindi upande wa chini wa shamba, udongo mkavu bado. Wengine wote wanangoja mvua. Mgongo unauma. Nimekula viazi vilivyobaki, vya baridi, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango.

Mchana ujumbe umeingia. Nanjala. Hakunisalimia. Ameuliza tu, mvua imefika huko?

Nimetazama upande wa mlima. Wingu liko, limekaa tu.

Nimemjibu, bado.