Mwalimu Mkuu Aliyejiitikia Mwenyewe

Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa mikono miwili. Magoti yako yanasemaje na baridi hii ya huko Elisabethville? Mimi ni mzima, samaki tunakula mpaka tunachoka, ila hasira imenifika kooni. Kaka Daudi anayekusomea asiruke maneno makali, namjua.

Unakumbuka darasa langu la watoto wadogo? Kabla sijaja, walikuwa wakiimba ba-be-bi-bo-bu kutwa kama kasuku, lakini ukiwaonyesha herufi moja, wanatazama dirishani. Nikachukua hadithi yako ya Kalulu, yule sungura mwizi wa samaki mtegoni, wimbo wake nikaugeuza kwa Kibemba. Mimi naita, "Kalulu we!" Wao wanaitikia, "Bwela!", yaani rudi. Neno hilo nikaliandika ubaoni, nikawa naligusa kila wanapoitikia. Haukupita muda wakaanza kulikata wenyewe: bwe, la. Kwenye la wakapata lala. Mama, walikuwa wanasoma!

Mwalimu mkuu wetu, mtu wa tai ndefu na akili fupi, akaja mbio na fimbo.

"Mwalimu mwanamuke, hii ni masomo, haiko kilio! Batoto banyamaze!"

Akawachapa wote. Kisha ikaja habari kwamba mzungu wa elimu atakuja kuamua kama darasa la wadogo liendelee au lifungwe. Ghafla bwana mkubwa akapenda hadithi.

"Kesho mimi mwenyewe nitabaambia ile hadisi," akaniambia. "Weye utapika chai ya muzungu."

Basi kesho yake mzungu akafika, nikapika chai, huku nachungulia dirishani mwa darasa. Aliwaamuru kwanza wakunje mikono na wafunge midomo. Akasimulia kwa sauti ya mahubiri mpaka penye wimbo. "Kalulu we!" Akangoja. Kimya. Hadithi bila waitikiaji umeiona wapi? Akaita tena, watoto wakaitazama fimbo yake. Mwishowe akajiitikia mwenyewe, kisauti chembamba: "Bwela!" Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa.

Kicheko hakikudumu. Mgeni alipouliza mbona watoto ni mabubu, yule mpumbavu akamjibu kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba ni watoto wa wavuvi, vichwa vyao vimejaa magamba. Nilitoka mbio na birika mkononi nikaseme ukweli, gari la mgeni likawa limeondoka. Darasa limefungwa. Wadogo wamerudishwa kuanika samaki mpaka wakue. Nililia, mama, sikufichi.

Sasa samaki wakishakuwa juani, watoto wanakuja uani kwangu. Tunaimba, tunaandika mchangani. Nimeishiwa hadithi, kwa hiyo Daudi aniandikie wimbo wa kobe kama unavyouimba wewe, na mahali pa kuitikia apaonyeshe.

Msalimie shangazi Elena muuza mihogo, na babu katekista, na mjomba wa reli. Waambie sijakonda.

Nilikuwa nafunga barua nikaitwa nje. Ni mke wa mwalimu mkuu, amemshika mkono binti yao mdogo.

"Umufundishe na huyu, mwalimu," amesema. "Kwa baba yake amejua kukunja mikono tu."

Binti yako, mpika chai,
Melania