Kitabu Nilichopewa Jumatano ya Majivu

Shangazi Zuleide, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana ndiyo siku ya mwisho ya kusaini fomu ya kuacha chuo, na kalamu ninayo mkononi.

Mimi ni Jaciara, nipo mwaka wa pili wa teolojia hapa Recife, na tangu tuanze Kigiriki moyo wangu hautulii, nasoma habari za Mungu kutwa nzima halafu nikipiga magoti sina la kumwambia, nafuu niliipata pale tu nilipoanza kupanda Olinda, mji wa mlimani hapa jirani, kusali masifu ya jioni na masista Wabenedikto, jamani, zile zaburi wanazoimba polepole, upande huu ukiungoja ule, zilinituliza mpaka nikaanza kwenda asubuhi pia, na mchana pia, vipindi vikanipita, mtihani wa Kigiriki nikaanguka, kaka yangu Ademir akanicheka mezani mbele ya wageni, "Haya sista, hata shela hujavaa, masomo yameshakushinda!" nami nikaapa kwamba naacha chuo nikaombe kupokelewa utawani.

Sasa masista wana desturi, Kwaresima ikianza kila mmoja hupewa kitabu kimoja akisome mwanzo hadi mwisho bila kuruka, na mwaka huu Mama Mkuu, Mama Eufrásia, akaniita hata mimi mgeni, nikapokea kwa mikono miwili huku machozi yananitoka, kufungua, sarufi ya Kigiriki! Ile ile iliyoniangusha! Nikamwambia, "Mama, hiki si cha sala." Akasema, "Nenda nacho, mwanangu," akaendelea kugawa. Shangazi, nimeaibika, silali. Ndiyo kunifukuza huko?

Jaciara

Marahaba, Jaciara. Kwanza weka hiyo kalamu chini.

Pole kwa ukavu wa moyo. Unauma, na wengi waliosoma dini wanaujua. Lakini nawe umezidi! Umekwenda kwa watu ambao siku yao ni sala na kazi, ukachukua sala, kazi ukawaachia wenyewe. Wakitoka kanisani ulidhani wanakwenda kujinyoosha? Wanakwenda jikoni, bustanini, kwenye cherehani. Kanuni yao inasema wazi kwamba mtawa aliye mbali kikazi asali hapo hapo alipo. Nani alikuambia ukimbie darasa?

Na Mama Eufrásia hakukufukuza. Mgeni wa kufukuzwa hupewa kahawa na kwaheri. Wewe umepewa kazi pamoja na watu wa nyumbani, halafu unalia!

Ijumaa usikanyage ofisi ya usajili. Ukiamka sali zaburi moja, moja tu, taratibu kama wanavyoimba, kisha nusu saa ya hicho kitabu, na ukikwama usiruke. Olinda panda Jumapili. Ademir mwache acheke, hajui hata alfa. Fanya mtihani wa marudio, na ukipasi au ukifeli, ndipo ukaombe kupokelewa. Siku hiyo wataanza kwa kukuuliza kama unamtafuta Mungu au unamkimbia mwalimu, na leo hii, mwanangu, jibu huna.