Ua la Séraphin Lililonyweshwa Bia

Mwaka umetimia, Séraphin, tangu tulipokuzika. Serikali, ilipokataza majina ya kizungu, ilikuandika Citoyen Tshimanga, na anayelitaka jina hilo atalikuta kwenye msalaba wa kaburi lako. Humu nyumbani mwako unabaki Séraphin, na mke wako Kabedi bado anakuita Tata Odile, baba wa Odile.

Ulikuwa mpole. Ulifanya kazi ya ukarani kwenye machimbo ya Mashamba mpaka wakakupa meza ya mkubwa, na hukuwahi kumfokea mtu. Jioni ulivua viatu mlangoni, halafu, kabla hata ya kumsalimia Kabedi, ulikwenda kulitazama ua lako. Alikuwa anakasirika kweli. "Tata Odile, njo mi muke wako, ao ni ile ya mu boîte?" Wewe ulicheka tu.

Ua lenyewe halikuchanua. Lilikuwa na majani tu, ya kijani yenye mishipa myekundu, ndani ya boîte hiyo, kopo la maziwa ulilolitoboa chini kwa msumari. Magharibi yalijikunja pamoja, asubuhi yakafunguka. Uliliweka penye mwanga lakini pasipo jua. Ulitia kidole kwenye udongo kwanza, na ukikuta unyevu uliliacha. Jumapili baada ya misa ulipangusa jani moja moja kwa kitambaa, maana vumbi la machimbo linaingia hata ukifunga mlango. Baridi ya Juni ikija, ulilisogeza mbali na dirisha. Basi, ni hayo tu.

Sasa tumseme mdogo wako Ngeleka, kama inafaa kumsema.

Siku ya matanga ndugu zako walikuja kubeba vitu, na desturi hiyo tunaijua. Walibeba friji, viti, redio, mpaka suti zako za abacost. Kabedi alinyamaza. Lakini Ngeleka alikwenda moja kwa moja kwenye kopo. Kwa akili yake ile, karani hawezi kupanda cheo kwa kufanya kazi. Lazima awe na dawa, na dawa ni hilo ua linalokunja majani kama linasali. Kabedi alilishika kwa mikono miwili. Kati ya vitu vyako vyote, hicho tu ndicho kilichokuwa bado na uhai.

"Shemeji, beba byote. Hii uniachie."

"Munaona?" Ngeleka akawageukia wenzake. "Frigo amenyamaza, lakini hii analilia. Njo yenyewe!" Akamnyang'anya, akapanda nalo treni mpaka kwake Kasaji.

Yaliyofuata alitusimulia Mbombo, mke wake mwenyewe, maskini. Ngeleka aliliweka uani, juani. Kila asubuhi alilimiminia bia na kuliambia cheo anachotaka, mkuu wa stesheni. Mkuu wa stesheni! Mtu anayesinzia hata akiwa amesimama! Majani yakaungua, naye akaona bia haitoshi, akaongeza. Hapana, kichwa hicho alipewa bure.

Kabla ya mvua kuanza akarudi hapa na kopo kwapani. Hakuuliza Kabedi anaishije. Alitafuta pa kukaa, akasahau kwamba viti viko kwake.

"Mama Odile, unipe maneno."

"Maneno gani?"

"Ile yaya, ndugu yangu mukubwa, alikuwa anasema. Bila maneno, haitumike."

"Yaya alikuwa anatia maji, Ngeleka. Maji kidogo, na kivuli."

"Unanificha!"

Kabedi alimtazama kutoka viatu mpaka kichwa. Hakujisumbua hata kumdanganya kwa maneno ya kubuni. Ngeleka akasonya, akalitupa kopo sakafuni. "Basi ubaki na takataka yako!" Akaenda zake, na tunashukuru alikwenda haraka.

Kabedi alichuchumaa. Udongo ulinuka bia, mizizi ilikuwa myeusi na laini, ikikatika mkononi. Kipande kimoja tu kilikuwa bado kigumu. Alikata uozo kwa wembe, akakipanda upya, akakiweka kivulini. Ernestine, dada yako, alimwambia atupe tu. Hakutupa. Kila siku alitia kidole udongoni, na kila siku hakukuwa na kitu.

Wiki hii limetoka jani. Kabedi alikuwa peke yake chumbani, nasi tukamsikia akipiga kelele: "Tata Odile! Kuya uone, iko muzima! Tata Odile!" Aliita mara ya pili, mara ya tatu, akigeukia mlango. Halafu akakumbuka. Siku ya matanga hakulia mbele ya wale watu. Siku ya jani hilo alilia mpaka jioni, na hatukumzuia.

Wanaokukumbuka ni mke wako Kabedi, binti yako Odile, mwanao Mukalay, dada yako Ernestine, na Mbombo, aliyeomba mwenyewe kuandikwa katika tangazo hili la kumbukumbu. Ngeleka pia aliomba. Tumekataa.

Lala salama, Séraphin. Sisi hatujakusahau, na hatutakusahau.