Gitaa la Mkulo

Same mjini,
Jumatano jioni

Dada yangu mpendwa Dorkas,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ukae mahali peke yako, na ukimaliza uiweke barua hii mahali ambapo hata shemeji haifikii. Kila neno lililomo humu libaki kwako. Sikutaka kuandika kwenye simu kwa sababu nakujua: kitu kikikufurahisha unakirusha kwenye kundi la familia kabla hujakisoma mpaka mwisho, na mle Mama yumo. Wengine wakijua nitaona haya tu, lakini Mama asijue kabisa. Ukifika mbele utaelewa kwa nini.

Hamjambo lakini huko Songea? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Huku sote wazima. Baba goti linamuuma akipanda kwenda shambani, ila akishuka kwenda kwenye mazungumzo haliumi, jambo ambalo Mama halimwingii akilini. Tangawizi imekubali mwaka huu. Mimi bado ni karani wa masjala, bado nimepanga kwa Bi Saada, na upepo wa Same bado unanijaza vumbi masikioni.

Sasa habari yenyewe. Unajua vizuri kwamba mimi ni mtu wa hofu. Ni wewe uliyekuwa unanishika mkono kunipitisha mbele ya bata mzinga wa mchungaji, na nikikumbuka bado nasikia aibu. Basi shangaa: mwaka huu nimetengeneza gitaa la umeme kwa mikono yangu.

Ilianza hivi. Gitaa la kwaya ya nyumbani Mamba lilianguka kutoka kwenye bodaboda wanakwaya wakirudi kutoka Bombo, na gari lililokuwa nyuma likalikanyaga. Elisante, mpigaji wao, alivishusha vile vipande mpaka Same kwa rafiki yangu Yunus, fundi redio, ambaye huwa nakaa kwake kila nikitoka kazini. Yunus alipima akasema mti umekufa lakini roho ipo. Zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, ambazo hukamata mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika, zilikuwa nzima, na funguo za kukazia nyuzi nazo zilikuwa nzima. Elisante alisema kwaya haiwezi kununua gitaa jingine na Sikukuu ya Mavuno inakaribia. Akaondoka kama mtu anayetoka kuzika.

Dada, sijui ni nini kilinisukuma. Tangu chuoni nimekuwa nikisoma juu ya magitaa na kutazama video za watu wanaoyachonga, kama vile wengine wanavyotazama mpira. Nikamwambia Yunus kwamba kama kinachokosekana ni mti tu, mti ninaweza kuuchonga. Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Tukakubaliana kwamba Elisante aambiwe tu kuwa amepatikana fundi, bila jina. Nilifikiri kwamba likiharibika, angalau lisijulikane limeharibiwa na nani.

Na la kwanza liliharibika kweli. Nilinunua mgrevilia kwa seremala wa kule kwetu mlimani, nikauchonga siku za Jumamosi uani kwa Bi Saada, mwili na shingo, mpaka nikaanza kujipongeza. Nikauweka chini ya bati ukae. Sasa fikiri: mti uliokulia kwenye ukungu wa Mamba, bado una maji ndani, umeletwa kwenye jua la Same na kuwekwa chini ya bati. Shingo ilijipinda, mwili ukapasuka. Bi Saada aliniuliza kwa upole kama lile ni gitaa au upawa, kisha akaliomba. Mpaka leo analitumia kuegesha mlango wa uani upepo usiubamize.

Lakini Bi Saada ana moyo. Alinipa mwimo wa mninga wa mlango wa zamani aliokuwa ameung'oa, mkavu kama mfupa, nikatoa shingo humo. Akanipa na mchi wa mpingo uliopasuka, ambao niliuchonga ukawa ule ubao mwembamba wa juu ya shingo, vidole vinapotembea. Mpingo hautaki haraka. Kila siku nilikuwa naukwangua kidogo, na vumbi lake jeusi likanifuata mpaka ofisini. Mkuu wetu wa masjala, Mama Agatha, aliliona juu ya majalada yangu akaamua kwamba tumeingiliwa na mchwa. Ofisi ikafungwa, ikapulizwa dawa. Nilisimama nje na wenzangu kusubiri harufu iishe, nikijua kwamba mchwa ni mimi, na sikufungua mdomo.

Ulibaki mti wa mwili. Jumamosi moja nilipanda Mamba kutafuta mti uliokauka kwelikweli, na niliupata. Ni mti gani, na niliupataje, ndiyo siri ninayokuomba uitunze. Nivumilie, nitaifikia.

Ulikuwa ubao wa unene wa inchi moja. Nikaukata, nikagundisha vipande viwili kimoja juu ya kingine ili nipate unene unaotakiwa, nikavibana kwa kamba za mpira wa baiskeli. Nilipoanza kuchonga, harufu yake ilijaa ua mzima, harufu ile ya dawa ya kuchua kifua. Bi Saada alitoka jikoni akavuta pumzi akasema leo mafua yake yamepona. Mti ule ulikubali kila nilichouomba. Nilichimba vyumba vya sumaku kwa patasi, nikalainisha kingo zisimchome mpigaji mbavuni, na daraja la kuzuilia nyuzi nikalitengeneza kwa bawaba nene ya geti. Kutoka chini ya daraja nilipitisha waya mmoja kwenda ndani. Kazi ya waya huo ni kunyamazisha kelele za umeme. Ukumbuke waya huo.

Siku tuliyoliunganisha kwa Yunus, kabla ya vanishi, nilipiga uzi mmoja tu. Yunus aliweka chini chuma chake cha kuchomelea. Akaniomba nipige tena. Baadaye akasema, "Bahati, hili linaongea kama mtu mzima." Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyepandishwa cheo.

Nikalifungua lote, nikalipaka vanishi. Unanijua nilivyo na uangalifu. Nilipaka, nikasugua, nikapaka tena, mpaka hakukuwa na nukta isiyong'aa. Nikalifunga upya chumbani. Ilibaki kulichomeka kwenye spika tusikie. Lakini Yunus alikuwa amesafiri kwenda Lembeni kwa wakwe zake, na chumbani kwangu niliogopa wapangaji watasema karani analeta fujo. Basi nikalipigia ndani ya blanketi bila umeme, nikaridhika, nikalipeleka stendi lipande Mamba.

Jumapili ya mavuno nilikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Kanisa lilijaa ndizi, tangawizi na majogoo ya mnada. Baba alikuwa mbele na wazee wa kanisa. Mama alikuwa kwenye mstari wa sauti ya pili, kitambaa kipya kichwani. Elisante alilitoa gitaa kwenye mfuko, na watu wakaguna kwa uzuri wake. Jirani yangu aliniambia limetoka Ulaya, kwamba ukitazama tu unajua.

Kisha Elisante akachomeka. Dada, lilivuma. Lilivuma kama mzinga wa nyuki ulioguswa, likawafunika waimbaji wote. Mwalimu wa kwaya akashusha mikono. Walianza upya, likavuma zaidi. Mzee mmoja akasema lirudishwe lilikotoka, na kwamba tulikuwa salama na kayamba zetu. Wanakwaya waliinama. Mama alikuwa analitazama lile gitaa kama anavyomtazama mgonjwa.

Mimi nilikwisha elewa. Kwa uangalifu wangu nilipaka vanishi mpaka kwenye ncha ya ule waya wa chini ya daraja, na chuma hakikugusana tena na chuma. Ningelichomeka hata mara moja baada ya vanishi ningejua. Ningeweza kutoka pale pale mlangoni, na hakuna mtu ambaye angejua milele. Nilishasimama nitoke. Lakini nikamwona Elisante anatoa bisibisi na kuiingiza upande wa sumaku, mahali ambapo angekata waya ambao hauungiki.

Nikasikia sauti inasema, "Elisante, usifungue hapo." Ilikuwa sauti yangu.

Kanisa zima liligeuka. Elisante aliniuliza karani anajua nini kuhusu gitaa la Ulaya. Nikajibu, "Si la Ulaya. Nimelitengeneza mimi."

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nililegeza daraja, nikakwangua vanishi kwa kisu alichonipa Baba kutoka mfukoni mwake, nikakaza, nikachomeka. Kimya, dada. Kimya kabisa, kisha Elisante akapiga, na sauti ikatoka ya duara, tamu, ikapanda mpaka kwenye mabati. Kwaya haikusubiri mwalimu. Mama alitoka kwenye mstari, akaifungua kanga begani akaifunga kiunoni, na Mama yetu ambaye husema kucheza ni kwa vijana alicheza kutoka madhabahuni mpaka mlangoni na kurudi. Yule mzee wa kayamba alicheza nyuma yake. Jogoo mmoja alikata kamba akapanda juu ya meza ya sadaka, na hakuna aliyemfukuza.

Baada ya ibada Mama alinikumbatia mbele ya watu wote. Akaweka kiganja juu ya gitaa, akasema mti huu una joto, ni mti gani? Kabla sijajibu, Baba akakohoa, akamjibu kwamba ni mti wa hapahapa nyumbani. Kisha akatazama milimani kama anayekadiria mvua.

Sasa nimefika. Dorkas, unazikumbuka zile mbao sita juu ya dari la jikoni? Zile za mkulo, mti wetu wa mlimani unaonukia dawa, alizopasua Babu, ambazo Baba amezikausha kwa moshi miaka yote hiyo zije ziwe jeneza lake? Mama alikuwa akitukataza hata kuzinyooshea kidole. Gitaa ni ubao mmojawapo.

Sikuuiba, nakuapia. Jumamosi ile nilikuwa nimekaa jikoni na Baba, Mama yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikuwa namsimulia juu ya mgrevilia uliojipinda, kwa kuwa kwa Baba sijawahi kuweza kuficha kitu. Sikuomba. Sikutazama hata juu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaleta ngazi mwenyewe, na goti lake lile. Alizigonga mbao zote kwa kidole, moja baada ya nyingine, sikio limesogea, kama anayechagua tikiti maji. Nilimsihi ashuke. Nilimwambia zile ni zake. Akasema, "Ndiyo maana natoa mimi. Kila nikinywa chai zinanitazama. Nimechoka kusubiriwa." Akaniteremshia uliolia vizuri. Akaongeza kwamba kwa vile alivyopungua mwili, tano zitamtosha na nafasi itabaki.

Mahali pake aliweka ubao wa mgrevilia alioupaka masizi, na Mama hajautambua. Angejua, angeona tumemwitia Baba mauti, na asingelala tena. Na gitaa lile asingelisogelea. Sasa kila Jumapili anacheza mbele yake. Mara nyingine nikimwangalia machozi yananilenga, lakini ni machozi ya furaha, usihofu.

Jumapili iliyopita Baba alinivuta nyuma ya kanisa. Kwaya ya Bombo imesikia, inataka la kwake. Nikamwambia nitatafuta mti mwingine, nimeshajifunza. Akatabasamu akasema, "Mbao bado zipo, na mimi sina haraka."

Msalimie sana shemeji, na wabusu watoto kwa niaba ya mjomba wao. Waambie nitawachongea kigitaa kidogo cha nyuzi mbili. Bi Saada na Yunus wanakusalimu ingawa hawajakuona.

Ukijibu, jibu kwa karatasi, uielekeze kwa Yunus fundi redio, nyuma ya stendi ya Same, wala isipande Mamba. Usinipigie Jumapili, maana siku hiyo simu yangu hupokelewa na Mama. Mkija Desemba, shukeni kwangu kwanza tupatane maneno kabla ya kuonana naye. Nyumba si ngumu kuiona: uliza kwa Bi Saada, utakuta mlango wa uani umeegeshwa kwa gitaa lililopinda. Piga hodi. Siku hizi situmii tena blanketi, kwa hiyo huenda nisikusikie. Nisipoitika, swichi kubwa ipo nje, ukutani, chini ya mita. Izime, muziki ukikatika nitatoka mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Bahati